Mbona jamu yangu ya plamu imekuwa ngumu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nilinunua plamu soko la Kangemi nikapika jamu ya viungo, nikatia mdalasini na karafuu za unga. Maelezo yalisema nipike hadi kipimajoto kifike nyuzi 105. Nilikoroga mpaka mkono ukachoka. Kilipofika 105 jamu ilikuwa nyeusi, chungu, na ilipopoa kijiko hakikuingia. Dada yangu wa Mombasa hufuata maelezo hayohayo na yake hutoka laini. Nimekosea wapi?
Msomaji, Uthiru

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulifuata ulichoambiwa, na kipimajoto chako ni kizima. Maelezo hayo yaliandikwa kwa mtu anayepikia karibu na bahari, kama dada yako. Kwake maji huchemka kwa nyuzi 100. Huku kwetu Nairobi, mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Jamu nayo hushika inapopita kiwango cha maji kuchemka kwa nyuzi 4 au 5, maana hapo maji ya kutosha yametoka na sukari imekolea. Kwa dada yako ni 104 au 105. Kwako ni 98 au 99. Ulipoisukuma hadi 105 ulikuwa umeshaanza kupika peremende! Inaniuma sana kuona watu wakimwaga matunda ya pesa zao kwa sababu ya nambari ambayo si ya kwao.

Basi siku ya kupika, chemsha kwanza maji matupu, tumbukiza kipimajoto, usome. Ongeza 4 au 5 juu ya hapo. Hiyo ndiyo nambari ya jikoni kwako. Hata hivyo mimi huamini kisahani kuliko kipimajoto. Kiweke kwenye friza kabla hujawasha jiko. Jamu ikianza kuwa nzito, zima moto, dondosha kidogo juu yake, ngoja dakika moja, kisha isukume kwa kidole. Ikijikunja ngozi, imeiva. Ikitiririka, washa tena dakika mbili tatu, ujaribu upya.

Uchungu ule ulitokana na sukari kuungua na unga wa karafuu kukaa motoni muda mrefu. Tumia viungo vizima. Kwa kilo moja ya plamu na gramu 750 za sukari, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu nne na iliki tatu zilizopondwa kidogo vinatosha kabisa. Vifunge kwenye kitambaa safi cha pamba, tumbukiza pamoja na matunda, uonje, na uvitoe harufu ikikuridhisha. Sukari itie baada ya maganda kulainika. Ukiiwahisha, maganda hubaki magumu. Na unapochagua plamu sokoni, usikatae zile ambazo hazijaiva vizuri. Robo yake ikiwa hivyo, jamu hushika upesi, kwa kuwa tunda bichi lina pektini nyingi zaidi, ile inayoigandisha jamu.

Mwinuko unagusa hata chupa. Ukishajaza jamu ya moto kwenye chupa za glasi zilizochemshwa, ukaacha nafasi ya nusu sentimita juu na kufunga vifuniko vipya, zichemshe tena zikiwa zimezama kabisa majini. Pwani dakika 5 hutosha. Nairobi ziache dakika 10. Anayepikia Limuru, kule juu zaidi ya mita 2,000, azipe 15.

Hiyo iliyokwisha kuharibika, kama inanuka kuungua, itupe tu. Lakini ikiwa kuna chupa ambayo ni ngumu bila uchungu, ipashe moto na maji kidogo, uipake kuku anapokaribia kuiva kwenye makaa. Mdalasini na plamu juu ya ngozi ya kuku ni kitu kitamu mno.