Vitu vilivyotupwa kando ya barabara Nyalenda, Kisumu, baada ya mafuriko: kipi cha kuokota?

Godoro acha, hata likikauka juu. Maji ya mafuriko hubeba uchafu wa vyoo vya shimo, na sponji huyanyonya hadi katikati, ambako jua halifiki. Libonyeze kwa goti uone maji ya kahawia yakichuruzika kwenye mshono.

Beseni na viti vya plastiki, chukua. Toa tope kwa sabuni kwanza, la sivyo dawa ya kuua viini inaishia kwenye tope. Kisha loweka dakika 10 kwenye Jik (dawa ya klorini) ya asilimia 3.5, mililita 30 kwa kila lita ya maji. Sufuria za alumini chemsha tu, Jik hula alumini.

Friji? Shaba ya kompresa ina soko, lakini usikate bomba ovyo: baadhi zina gesi ya kupoza ya R600a, nayo hushika moto. Na vaa gambuti, misumari imejaa kwenye takataka hizo.