Neno "subtle": uzi, nyoka na herufi isiyotamkwa

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipokuwa nikitafsiri hadithi fupi ya Kiingereza pamoja na wanafunzi wangu wa kidato cha tano, tulikutana na mhusika mwenye tabasamu ambalo mwandishi ameliita "subtle". Mwanafunzi mmoja aliandika "tabasamu la hila", mwingine "tabasamu hafifu", nami nikashindwa kuamua. Neno hili limetoka wapi, lina maana gani hasa, na kwa nini B yake haitamkwi? Mwalimu, Morogoro.

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako wa kwanza hakukosea kamusi, amekosea karne. Asili ya neno hili ni "subtilis" la Kilatini, yaani chembamba, laini, kilichofumwa kwa nyuzi nyembamba, na wanaisimu hulihusisha na "tela", kitambaa kilicho katika mtambo wa kufumia, kana kwamba linautaja uzi unaopita chini ya mtande, yaani nyuzi zilizotandwa kwa urefu wa kitambaa. Warumi wenyewe walilitoa kwenye nguo wakalipeleka kwenye akili inayopambanua mambo madogo, na ndiyo sababu mwanafalsafa Duns Scotus, aliyefariki mwaka 1308, alipewa lakabu ya sifa ya "Doctor Subtilis".

Kiingereza kililipokea kupitia Kifaransa, na humo likapata doa, kwa kuwa akili inayopenya kila mahali haikosi kushukiwa. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inamwita nyoka wa Edeni kwa neno hili hili, pale ambapo Biblia yetu, katika Mwanzo 3:1, inasema "mwerevu". Na katika 2 Wakorintho 11:3, penye nomino yake, sisi tunasoma "hila". Maana hiyo ya ujanja imefifia sana katika Kiingereza cha leo.

Kuhusu B, Wafaransa walikuwa wameshaiacha, na Waingereza wa zamani waliandika "sotil" bila shida yoyote, mpaka wasomi waliokienzi Kilatini walipoirudisha katika maandishi, kama walivyofanya kwa "debt" na "doubt". Ndimi za watu hazikuwafuata, hata leo neno linatamkwa karibu na jina la samaki wetu sato, ukimwongezea L.

Sasa tabasamu. "Hafifu" linakaribia, lakini mimi ningeliepuka, kwa sababu tunalitumia pia kwa bidhaa duni, ilhali mwandishi wa Kiingereza kwa kawaida anasifu jambo lisilojitangaza, ambalo mtu makini ndiye hulitambua. Kiswahili kina namna yake: husema mtu ametabasamu kwa mbali, kama tunavyosema iliki inasikika kwa mbali katika chai. Namna hiyo haifai kila mahali, kwani tofauti yenye sifa hii ni tofauti ndogo isiyogundulika upesi, na hoja ya aina hiyo ni hoja ya undani. Kwa mhusika wako, andikeni kwamba alitabasamu kwa mbali.