Saa ya Nahodha na Jina la Sultani

SWALI: Nyumbani kwetu Magomeni kuna saa ya ukutani ya kutia ufunguo, yenye mlango wa kioo na pendulumu. Wazee wanasema nahodha mmoja wa ukoo wetu alizawadiwa na Sultan Barghash wa Zanzibar. Baba mkubwa anataka tuiuze kama saa ya Sultani, mimi nataka tuhakikishe kwanza. Fundi saa wa Kariakoo alipochungulia nyuma ya mashine aliona nyota yenye herufi J, na karibu yake B 08. Tuanzie wapi?
Msomaji, Magomeni

JIBU: Mmeshaanza, na mmeanzia penyewe. Nyota yenye J ni alama ya Junghans, kiwanda cha mji wa Schramberg, Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1861. Zihesabuni pembe zake: nyota ya kwanza, ya mwaka 1888, ilikuwa na pembe tano; ya pembe nane ilikuja 1890. B 08 ni tarehe. A ni nusu ya kwanza ya mwaka, B nusu ya pili, na 08 ni 1908. Sultan Barghash alitawala kuanzia 1870 na akafariki 1888, kwa hiyo mashine hiyo hakuigusa.

Lakini msimwendee baba mkubwa na habari hiyo bado. Mashine ni kitu kimoja, sanduku ni kingine, na mafundi wa zamani hawakuona taabu kutoa mashine iliyokufa na kutia nyingine. Ili kujua, itabidi saa ifunguliwe. Ipigeni picha ikiwa bado ukutani. Kisha ondoeni pendulumu kabla ya kuishusha, maana imening'inia kwenye utepe mwembamba wa chuma ambao hupinda au kukatika saa ikibebwa nayo. Mashine yenyewe aitoe fundi, na springi zilegezwe kwanza taratibu kwa ufunguo. Springi iliyojaa ikifyatuka hung'oa meno ya magurudumu, na vidole havisalimiki.

Mashine ikishatoka, mulikeni tochi kwa upande kwenye ubao wa nyuma. Mbao zisizopakwa rangi hubadilika rangi kwa miaka, na palipokaa kitu hubaki kivuli chake. Kivuli kikilingana na mashine, na matundu ya skrubu yakawa yaleyale bila mengine matupu kando, vitu hivyo viwili vimezeeka pamoja. Matundu ya ziada, au mengine yaliyozibwa kwa gundi na unga wa mbao, yanaonyesha kuwa mashine ilibadilishwa. Hapo sanduku laweza kuwa na umri zaidi ya 1908. Mkikuta ubao wa nyuma ni plaiwudi mpya msishtuke. Kwa mchwa na unyevu wa Dar, hilo peke yake si ushahidi wa udanganyifu. Ila ujue alama za zamani zimekwenda na ubao.

Mkiona kwenye mashine namba mbili kama 42 na 105, hizo si mwaka wala si umri. Kwenye mashine za Kijerumani ya kwanza ni urefu wa pendulumu kwa sentimita, ya pili ni idadi ya mipigo kwa dakika. Pimeni pendulumu yenu. Isipokaribiana na namba hiyo, huenda ilitoka kwenye saa nyingine. Tafuteni pia mikwaruzo ya sindano kwenye sahani za shaba, kwani mafundi walikuwa na desturi ya kuchora jina na tarehe ya matengenezo. Ndiyo sababu shaba isisuguliwe kwa dawa ya kung'arishia: mkwaruzo ukishafutika haurudi.

Kama kuna kibao cha maandishi ya kutunuku, tazameni kilivyofungwa. Skrubu za msalaba, zile za bisibisi ya nyota, zilianza kuuzwa miaka ya 1930. Kibao kilichofungwa kwazo tangu mwanzo hakikuwekwa na Sultani huyo. Maandishi ya Kiarabu yasomwe na anayejua, na tarehe ya Hijria igeuzwe vizuri: mwaka 1326 ulianza Februari 1908.

Sasa hadithi. Mwaka 1908 kiti cha Zanzibar kilikuwa cha Sultan Ali bin Hamud, aliyetawala 1902 hadi 1911. Huenda zawadi ilikuwepo, na jina la Barghash, lililo kubwa zaidi, likameza la mwenzake. Huenda pia nahodha aliinunua dukani, kwa sababu saa hizi zilitengenezwa kwa wingi mno. Saa yenyewe haiwezi kuamua hilo. Wahojini wazee mmoja mmoja, wasisikilizane, na msiwatajie Barghash, ulizeni "ilitoka wapi?" kisha "nani alikwambia?" Kisha tafuteni karatasi: wosia, orodha ya mirathi, barua, picha ya harusi ambayo saa inaonekana ukutani. Picha yenye tarehe ina uzito kuliko viapo kumi.

Mkiuza, andikeni "Junghans, mashine ya 1908", na simulizi la ukoo liandikwe kando kama simulizi. Na vanishi mpya isipakwe.

SWALI: Saa yetu imeandikwa Made in Germany. Ni ya enzi za Mjerumani hapa Dar?
Msomaji, Ilala

JIBU: Maneno hayo hayatoshi. Yalisambaa kwa sababu ya sheria ya Uingereza ya 1887 kuhusu alama za bidhaa, na viwanda viliendelea kuyaandika miaka mingi baada ya Waingereza kuichukua Dar Septemba 1916. Angalieni nyuma ya mashine. Mkiona GB na nanga, hiyo ni Gustav Becker, na namba yake ya mfululizo inasaidia: kiwanda hicho kilifikia saa ya milioni moja mwaka 1892, kwa hiyo namba iliyo chini ya hapo huenda ni ya kabla.