Maswali ya Wasomaji: Nimeshalipa Dola 98, Muuzaji Anataka 22 Zaidi

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja: mtu ameshinda mnada mtandaoni, amelipa, halafu deni jipya linatokea. Kabla ya kubishana na yeyote, tafuta kwanza nani hasa anakudai. Muuzaji, msafirishaji na forodha ni milango mitatu tofauti. Anayegonga mlango usio wake hupoteza siku, na kwenye mizigo siku ni fedha.

*Nilishinda amplifaya kwenye eBay kwa dola 60. Tangazo lilionyesha usafiri hadi Tanzania dola 38, nikalipa zote 98. Siku mbili baadaye muuzaji, ambaye yuko Marekani, ameniandikia kuwa boksi ni kubwa kuliko alivyodhani, nimtumie dola 22 kwa njia ya benki ndipo asafirishe. Nimtumie?* — Msomaji, Mwanza

Usimtumie, ndugu yetu. Kwa kanuni za eBay, muuzaji anabanwa na gharama ya usafiri aliyoiandika mwenyewe. Haruhusiwi kuongeza malipo baada ya mnada kufungwa, wala kukutoa nje ya mtandao huo ili ulipe kwa benki. Hilo la benki ndilo baya zaidi, kwa sababu fedha iliyopita nje ya eBay hailindwi na dhamana yao ya kurudishiwa fedha. Ukituma hizo 22 na amplifaya isifike, utaweza kudai zile 98 tu.

Huenda muuzaji huyu si tapeli. Kampuni za vifurushi hulinganisha uzito wa mizani na uzito wa ujazo, kisha hutoza ule mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5,000. Boksi la 50 × 40 × 30 ni 60,000, ukigawanya unapata kilo 12, hata kama amplifaya yenyewe ina kilo 4. Muuzaji aliyepima kifaa bila boksi hushtuka akifika kaunta. Hesabu hiyo alipaswa kuifanya kabla ya kutangaza, na hasara yake si ya kubebwa na wewe.

Fungua historia ya manunuzi yako, ingia kwenye tangazo la awali na upige skrinshoti ya sehemu inayoonyesha gharama ya usafiri hadi nchini kwako. Kisha mjibu ndani ya ujumbe wa eBay, si kwa WhatsApp wala barua pepe, maana wakija kuamua watasoma yaliyo kwenye mfumo wao. Mistari miwili inatosha: nimelipa kiasi kilichotangazwa, tafadhali safirisha, au futa mauzo unirudishie fedha zote. Akifuta, unapaswa kupata 98 kamili, ile 38 ya usafiri ikiwemo.

Akinyamaza, subiri tarehe ya mwisho ya makadirio ya kufika ipite, kisha fungua dai la mzigo ambao haukufika. Una siku 30 tangu tarehe hiyo. Muuzaji hupewa siku 3 za kazi kujibu, na zikipita bila suluhu unaiomba eBay iingilie. Usiruhusu akuchezeshe kwa “wiki ijayo, wiki ijayo” hadi siku 30 ziishe. Hapo ndipo wengi wanapopoteza haki yao. Maoni kuhusu muuzaji yana muda wake pia, siku 60. Usiyaandike kwa hasira kabla shauri halijaisha.

Kuna hali mbili ambapo jibu letu lingebadilika. Ya kwanza ni pale tangazo lisipotaja kabisa bei ya usafiri hadi Tanzania. Hapo muuzaji ana haki ya kukuambia gharama, ndiyo maana swali hilo huulizwa kabla ya kuweka dau, ukitaja mji wako. Ya pili ni kutumia anwani ya wakala wa Marekani anayekukusanyia mizigo. Mzigo ukishapokelewa kwa wakala, eBay huhesabu umefika. Ukivunjika au ukizidishiwa gharama kutoka hapo, utabishana na wakala.

*Ninaishi Birmingham na ninakusanya vifaa vya kupeleka nyumbani kwa kontena. Nilinunua jenereta kwenye mnada wa mtandaoni wa kampuni iliyofunga biashara. Nyundo iligongwa kwa pauni 400, ankara ikaja pauni 600. Je, nimeibiwa?* — Msomaji, Uingereza

Hujaibiwa, ila masharti ya mnada hukuyasoma hadi mwisho. Minada ya namna hii si kama eBay. Bei ya nyundo, yaani dau lililoshinda, ni mwanzo tu wa hesabu. Juu yake huja ada ya mnunuzi, ambayo ni malipo ya nyumba ya mnada, na mara nyingi ada nyingine ndogo kwa aliyepandisha dau kupitia intaneti. VAT ya Uingereza ya 20% hufuata juu ya vyote.

Kwa kiasi ulichotaja, inaelekea ankara yako imejengwa hivi: nyundo 400, ada ya mnunuzi 20% ni 80, ada ya intaneti 5% ni 20, jumla 500. VAT ya 20% ni 100. Ndiyo hiyo 600. Kwa mnada wenye viwango hivyo, gawanya fedha uliyonayo kwa 1.5 upate dau la juu kabisa. Mwenye pauni 450 asimame kwenye 300, hata moyo ukimvuta vipi. Mnada wenye viwango vingine, fanya upya hesabu hiyo kabla ya saa ya mwisho, kwa sababu dakika za mwisho hakuna anayehesabu vizuri.

Angalia pia alama iliyo kando ya namba ya bidhaa kwenye orodha. Kuna bidhaa ambazo VAT haitozwi kwenye nyundo, bali kwenye ada peke yake. Jenereta hiyohiyo ingekuwa ya kundi hilo ungelipa 520. Maana ya alama huandikwa kwenye masharti ya mnada husika.

Sasa habari njema kwako unayejaza kontena. Bidhaa ikitoka Uingereza, VAT iliyotozwa kwenye nyundo wakati mwingine hurudishwa, ingawa kwa mkazi wa Uingereza kama wewe si jambo la uhakika. Waulize wenye mnada kabla ya kulipa kama wanafanya hivyo na wanataka ushahidi gani, maana baadhi hushikilia VAT kama amana hadi uwape hati za usafirishaji nje. Mzigo uwe umeondoka ndani ya miezi 3, na hati zitaje kifaa chenyewe, ikiwezekana na namba yake. Hati iliyoandikwa “vifaa vya nyumbani” tu haitakusaidia. Ukiwa na kontena linalosubiri kujaa miezi mitano, fedha hiyo ihesabu imepotea.

Kurudisha jenereta ni vigumu. Haki ya mtumiaji ya kughairi ndani ya siku 14 kwa manunuzi ya mbali haihusu mnada wa hadhara, ule ambao watu wanaruhusiwa kuhudhuria ana kwa ana. Ukinunua kwa mfanyabiashara anayeuza kwa mnada wa eBay, haki hiyo unayo. Na uende kuichukua jenereta siku waliyopanga. Ada ya kuhifadhi ikianza haingoji.

*Muuzaji aliniandikia kuwa hakuna gharama nyingine yoyote. Bidhaa dola 80, usafiri 45. Kampuni ya vifurushi inanidai zaidi ya dola 60 kabla ya kunikabidhi. Nani mwongo?* — Msomaji, Arusha

Muuzaji alisema asichokuwa na mamlaka nacho. Yeye anaweza kuahidi bei yake na usafiri. Kodi ya Tanzania si yake, isipokuwa kama tangazo lilisema wazi kuwa kodi za kuingiza nchini zimeshalipwa.

Kinachowashtua wengi ni kwamba usafiri nao unaweza kutozwa kodi. Kwa kawaida forodha huanza na bei ya bidhaa, bima na nauli kwa pamoja. Kwako, nauli yote ikihesabiwa, ni 80 + 45 = 125. Viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki ni 0, 10, 25 au 35%, kulingana na aina ya bidhaa. Tuchukue 25%: ushuru ni 31.25. VAT ya 18% haitozwi kwenye 125 bali kwenye 156.25, inakuwa 28.13. Hadi hapo ni dola 59.38. Ongeza tozo ya reli, ada ya forodha ya kushughulikia mzigo, na ada ya kampuni ya vifurushi kwa kukulipia kodi mapema. Wasomaji wa Kenya, mwendo ni huohuo. VAT kwenu ni 16%, nanyi mna ada ya tamko la uagizaji.

Kwa hiyo deni lako linaweza kuwa halali, lakini usilipe bila kuliona. Omba hati ya tathmini ya kodi na ulinganishe mambo matatu: thamani iliyoandikwa, sarafu yake, na kundi la bidhaa. Sarafu hukosewa, yuan ikasomwa kama dola. Kundi pia hukosewa, na hapo kiwango kinaweza kuruka kutoka 10 hadi 25. Ukiona kosa, peleka risiti ya mnada na taarifa ya benki inayoonyesha kiasi kilichokatwa, na ufanye hivyo kabla ya kulipa. Ada ya kampuni ni jambo lingine. Hiyo iulize kwa kampuni, waionyeshe kwenye orodha yao ya bei.

Tunaomba sana: usimwombe muuzaji aandike “zawadi” au apunguze thamani. Mzigo ukipotea, bima hulipa kile kilichoandikwa. Na forodha wakitilia shaka, watakadiria wao.

*Wakala wa mnada wa magari Japani amenipa bei hadi bandari ya Dar es Salaam. Je, nijiandae na nini zaidi?* — Msomaji, Morogoro

Muulize kwanza kama bei yake imebeba ada ya mnada, kamisheni yake, usafiri wa ndani ya Japani hadi melini na kufuta usajili. Nauli ya meli za magari huhesabiwa kwa mita za ujazo: gari la urefu mita 4.2, upana 1.7 na kimo 1.5 lina 10.71. Keria ya juu ikiongeza kimo, nauli hupanda.

Pigo kubwa huwa TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, nalo si la kushtukiza kwa aliyeangalia mapema. Kodi ya gari lililotumika haifuati ankara yako. TRA wana mfumo wao wa thamani, na kikokotoo kipo kwenye tovuti yao. Weka modeli, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini kabla ya kumpa wakala ruhusa ya kupandisha dau. Kwa gari dogo la abiria, umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa bidhaa 15%, zaidi ya miaka 10 ni 30%. Kwa hiyo gari “rahisi” lililotengenezwa mwaka mmoja mapema zaidi linaweza kukugharimu kuliko lile jipya kidogo. Tenga pia fedha ya wakala wa forodha, ada za bandari na hati ya kutolea gari kutoka kwa wakala wa meli.

*Nimepata ujumbe: mzigo wako umezuiwa, tuma shilingi 45,000 kwenye namba hii.* — Msomaji, Dodoma

Kodi ya TRA hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, ile kontrol namba, haitumwi kwenye simu ya mtu. Usibonyeze kiungo kilichomo. Chukua namba ya kufuatilia mzigo kutoka kwenye akaunti yako ya mnada, si ile iliyo kwenye ujumbe, uiingize kwenye tovuti ya msafirishaji. Kama mzigo wako bado uko njiani, ufute ujumbe huo.