Mtoto anajikuna usiku, baba anajikuna mchana

*Shangazi, shikamoo. Binti yangu wa miaka sita anajikuna njia ya haja kubwa kila usiku mpaka analia. Nilimpa dawa ya minyoo, akatulia kama wiki tatu, sasa imerudi. Mume wangu naye anawashwa hukohuko, huu ni mwezi wa nne tangu aanze, ila yeye ni mchana na jioni. Anajisugua kwa sabuni ya dawa mara tatu kwa siku na haponi. Wifi anasema ni uchafu wa nyumba yangu. Naona aibu hata kwenda hospitali. – Mama Wawili*

Marahaba, Mama Wawili. Wifi mwache aseme, kwani minyoo hii inaingia hata kwenye nyumba inayopigwa deki kila siku. Ila usiwaweke baba na mtoto kwenye kapu moja. Nionavyo, wana matatizo mawili tofauti.

Tuanze na binti. Anayemsumbua karibu kwa hakika ni mnyoo mdogo mweupe, mwembamba kama uzi, jike lake lina urefu wa sentimita moja hivi. Mchana hukaa kwenye utumbo mpana. Usiku mtoto akishalala, jike hutoka nje na kutaga maelfu ya mayai kwenye ngozi, na hapo ndipo muwasho unapoanza. Mtoto anajikuna, mayai yanaingia chini ya kucha, kidole kinakwenda mdomoni. Ndani ya saa chache tu baada ya kutagwa, yai liko tayari kuambukiza.

Ukitaka uhakika, chukua tochi umwangalie baada ya kuwa amelala kwa muda wa saa mbili au tatu. Utawaona wakitembea. Usipoona kitu, asubuhi kabla hajaoga wala kwenda chooni, bandika selotepu inayoonyesha kwenye ngozi ya pale, ibandue, uipeleke maabara. Fanya hivyo asubuhi tatu mfululizo. Kipimo cha choo hukosa mara nyingi, maana mayai yanatagwa nje, ni nadra kukutwa kwenye choo.

Sasa, kwa nini ilirudi? Dawa inaua minyoo, haiui mayai. Yaliyobaki kwenye shuka na kucha yalimezwa tena. Kwa hiyo dozi ni mbili: mebendazole miligramu 100 mara moja, au albendazole miligramu 400 mara moja, kisha unarudia ileile baada ya siku 14. Na siku hiyohiyo wanywe wote wa nyumbani, hata asiyewashwa. Mtoto wako mwingine kama hajafika miaka miwili, au wewe kama una mimba au unanyonyesha, msinywe kabla ya kuongea na daktari.

Asubuhi baada ya dozi, kusanya shuka, foronya, nguo za kulalia, chupi na mataulo, ufue kwa maji ya moto. Usizikung'ute! Ukikung'uta, mayai yanaruka na kutua kwenye kila kitu, na yanaweza kuishi nje ya mwili hadi wiki mbili au zaidi. Kwa sababu hiyohiyo sakafu ya chumbani pangusa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia kikavu. Kwa wiki mbili zinazofuata binti alale na chupi inayobana kidogo, aibadilishe akiamka, na aoge asubuhi. Kuoga jioni peke yake hakusaidii sana, kwa sababu mayai yanatagwa usiku. Mwogeshe kwa maji yanayomwagika, asikae kwenye beseni. Kucha fupi kabisa, mikono kwa sabuni akitoka chooni na kabla ya kula. Na kumnyima peremende hakutoi minyoo, hayo ni maneno ya mtaani.

Mambo mawili ya kuchungulia. Kwa watoto wa kike minyoo huweza kupotea njia ikaingia mbele, ikaleta muwasho au uchafu. Dawa ni hiyohiyo, ila hali ikiendelea apimwe. Na ukiona ngozi kuzunguka tundu imekuwa nyekundu sana, na anaumia akijisaidia, huo huenda ni ugonjwa wa bakteria. Unahitaji antibayotiki ya daktari, dawa ya minyoo haitaugusa.

Baba naye anywe dozi pamoja na wengine, lakini sidhani kama itamponya. Kinachomwasha huenda ni hiyo sabuni. Ngozi ya pale ni nyembamba. Sabuni ya dawa inaondoa mafuta yake, inakauka na kuchanika michaniko midogo, jasho na mabaki ya choo yanaichoma, anajikuna, kisha anaona bado ni mchafu, anaongeza sabuni. Aiache leo. Baada ya haja atumie maji matupu, kisha ajikaushe kwa kugusagusa na taulo laini, bila kusugua. Usiku apake mafuta ya zinki, tabaka jembamba. Mchana akitoka jasho aweke kipande kidogo cha pamba katikati ya matako, na chupi iwe ya pamba isiyobana. Kahawa, chai kali na pilipili aziache wiki mbili, halafu arudishe kimoja kimoja aone kipi kinamchokoza.

Muulize pia anapaka nini. Krimu za kutia ganzi huweza kuleta mzio, na haidrokotizoni ikizidi siku saba bila ushauri wa daktari hupunguza unene wa ngozi.

Bila nafuu baada ya wiki mbili au tatu, aende akapimwe, pamoja na sukari ya damu. Asisubiri hata siku moja akiona damu, uvimbe au kidonda, akipungua uzito, au choo kikibadilika ghafla. Kama anawashwa pia katikati ya vidole, aseme, huenda ni upele.

Kuhusu aibu: wanaume wengi hukaa na tatizo hili wakihofu watafikiriwa vibaya, wakati bawasiri, fangasi na pumu ya ngozi huleta muwasho uleule. Pale kwa daktari sentensi moja inatosha: "Nawashwa njia ya haja kubwa, mwezi wa nne sasa." Mengine atauliza yeye.