Nondo wa viwavi jeshi: nitawatofautishaje?

SWALI: Bwana Mhariri, nalima mahindi kando ya barabara ya Kipushi. Tangu mvua zianze, kila jioni nondo wadogo wa rangi ya udongo wanajaa kwenye taa ya baraza langu. Jirani mmoja anasema ndio wanaozaa kiwavi jeshi vamizi. Mwingine anasema ni wa kiwavi jeshi wa tangu zamani. Mimi naona wote ni sawa. Nifanyeje?
Mama mkulima, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, huenda majirani wako wote wawili wamesema kweli. Kiwavi jeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, ambaye asili yake ni Amerika na ambaye aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na kiwavi jeshi wa Afrika, Spodoptera exempta, ni wa jenasi moja, yaani ni ndugu wa karibu, na nondo wao wanaweza kufuata taa moja usiku uleule.

Dume wa vamizi ndiye rahisi kumtambua, kwa kuwa bawa lake la mbele lina doa jeupe karibu na ncha na alama ya mshazari, yenye rangi ya mchanga, katikati. Taabu ipo kwa jike, ambaye bawa lake ni la kijivu na kahawia, bila alama ya kutegemewa. Hapo funua taratibu bawa la nyuma, ambalo nondo hulificha anapopumzika: la vamizi ni jeupe lenye ukingo mwembamba wa rangi nzito, na la yule wa Afrika ni jeupe lenye mishipa myeusi inayoonekana wazi. Hata hivyo, magamba ya mabawa hupukutika kama unga, na nondo aliyejigonga kwenye taa usiku kucha mara nyingi hana tena alama ya kusomeka. Wanaotumia mitego yenye harufu ya jike nao wasihesabu kila aliyenaswa, kwa sababu harufu ya vamizi humvuta pia Leucania loreyi, nondo wa rangi ya majani makavu mwenye nukta nyeupe katikati ya bawa.

Kwa hiyo nakushauri uanzie shambani, kwa kiwavi mwenyewe. Wengi wamefundishwa kutafuta alama ya Y iliyopinduliwa usoni, lakini alama hiyo peke yake haitoshi, maana viwavi wengine nao wanayo, ingawa imefifia. Tazama pingili ya pili kutoka mwisho wa mwili: vamizi ana nukta nne kubwa nyeusi zilizojipanga mraba. Tazama pia mwenendo. Yule wa Afrika, akiwa wengi, huwa mweusi mwenye mistari, hutembea kwa makundi na kula majani ya nafaka na nyasi waziwazi, kisha hutoweka. Vamizi hujificha ndani ya moyo wa mhindi, huacha kinyesi kingi hapo, na baadaye huingia hata kwenye gunzi. Tofauti hii ndiyo inayokuhusu zaidi, kwani dawa inayopulizwa juujuu ya majani haimfikii aliyejificha.

Ukitaka uhakika wa nondo wako, walee. Chukua viwavi wakubwa, umweke kila mmoja katika chupa yake yenye udongo na majani ya mahindi, kwa sababu vamizi wakikaa pamoja hulana. Watajichimbia na kuwa pupa, hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo, na penye joto nondo hutoka baada ya siku 8 au 9, penye baridi baadaye zaidi. Nondo huyo, akiwa mpya na magamba yake yote, ndiye wa kulinganisha na wale wa taani.

Wakibaki wenye mashaka, wapeleke kwa wataalamu wa kilimo, kwa mfano katika Kitivo cha Sayansi za Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wataalamu wa wadudu hulainisha tumbo la nondo na kuchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini, kwani umbo la viungo hivyo hutofautiana kati ya spishi na spishi hata pale mabawa yanapofanana kabisa. Kwa kipimo cha vinasaba, mguu mmoja unatosha. Wapeleke wakiwa wakavu ndani ya bahasha za karatasi, zikiwa zimeandikwa mahali na tarehe. Tumbo likikatika, usilitupe: litie ndani ya bahasha ya nondo huyohuyo.