Jibu: Kusasisha programu zote bila kumaliza bando

Mkuu, umeuliza namna ya kusasisha programu kwenye Windows 10 bila kuzunguka tovuti moja moja, tena kwa bando la simu. Inawezekana. Bonyeza Start, andika cmd, kisha Enter. Kwenye lile dirisha jeusi andika amri hii (winget ni zana ya Windows ya kusakinisha na kusasisha programu), kisha Enter:

winget upgrade

Mara ya kwanza itakuuliza kama unakubali masharti, andika Y kisha Enter. Utaona orodha ya programu zenye toleo jipya. Watu watakwambia uongeze --all mwishoni. Usithubutu na bando, itashusha zote na utabaki unatafuta vocha. Chagua unayoihitaji kwa Id iliyo kwenye orodha, mfano:

winget upgrade --id VideoLAN.VLC

Zile ulizowekewa kwa flashi Kariakoo siku fundi alipokupigia Windows (sote tumepita huko) ni kesi nyingine. Kama zimekrakiwa (za kulipia zilizovunjwa ili zitumike bure), ziondoe kabisa. Mimi moja iliniletea kirusi, nikapoteza mafaili ya mwaka mzima. LibreOffice ni ya bure na inafungua mafaili ya Word.

Halafu Windows 10 yenyewe Microsoft walisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yako ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kiasi gani, tuone kama inaweza kuhamia Windows 11?